Ukikagua strerror_r, tazama kwanza thamani inayorudishwa

Mtu akibadilisha strerror (funksheni ya C inayogeuza namba ya kosa kuwa ujumbe) kuwa strerror_r ili msimbo uwe salama kwa nyuzi (threads), usiidhinishe kabla ya kuona anafanya nini na kinachorudishwa. Funksheni hii ina sura mbili. Ya kiwango cha POSIX hurudisha int na kuandika ujumbe ndani ya bafa uliyoipa. Ya GNU, ambayo glibc (maktaba ya C ya GNU) hukupa ukiweka makro ya _GNU_SOURCE, hurudisha char *, na mara nyingi haiigusi bafa kabisa: inakuelekeza tu kwenye maandishi yake yenyewe. Kwa hiyo hii inapita kwenye kompaila lakini ni mbovu:

strerror_r(e, buf, sizeof buf);
fprintf(stderr, "%s\n", buf);

Ukipewa ile ya GNU utachapisha takataka zilizokuwa kwenye bafa. Na usiijaribu kwa namba ya kubuni kama 9999! Namba isiyojulikana ndiyo inayoifanya glibc iandike kwenye bafa, "Unknown error 9999", nawe utadhani mambo shwari. Jaribu na namba halisi kama ENOENT (faili halipo).

Mbinu hii haisaidii pale mwito umefichwa ndani ya makro, wala haikuambii kama e, yaani namba ya kosa yenyewe, ni sahihi. Kila uzi una errno yake (kigezo kinachoshika namba ya kosa), sawa, lakini close() au fprintf() iliyotangulia kwenye uzi huohuo inaweza kuibadilisha. Mstari wa int e = errno; uwe wa kwanza kabisa baada ya kosa. Na ndani ya kishughulikia ishara (signal handler), usiite strerror wala strerror_r.