Mtoto akizaliwa na kidole cha sita, au vidole vilivyoungana

Naanza na uzi, maana ndio unaokimbiliwa. Mtoto ana kidole kidogo kinachoning'inia kando ya kidole cha mwisho, na mtu mzima mmoja ndani ya nyumba anasema kifungwe tu, kitakauka kidondoke. Mara nyingi hudondoka kweli. Lakini ndani ya kishina kile mna mshipa wa damu na neva. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji wa watoto, na nimewafunga bandeji watoto ambao uzi wa nyumbani ulikata nusu, jeraha likaota usaha. Wengine hubaki na kinundu ambacho kikiguswa tu mtoto analia. Kikiondolewa hospitalini kwa ganzi, ni kazi ndogo. Kwa hiyo uliza kabla hujatoka wodi ya wazazi.

Kishike taratibu. Kama kinachezacheza na husikii kitu kigumu kwenye shina, huenda ni ngozi na nyama tu. Ukisikia mfupa, au kipo upande wa kidole gumba, hilo ni la daktari wa upasuaji, tena baada ya eksirei. Vidole gumba viwili havitibiwi kwa kukata kimoja na kutupa. Daktari hutumia kano na mishipa ya vyote viwili ili kibaki kimoja chenye nguvu.

Kisha mvue mtoto nguo zote umtazame. Hesabu vidole vya miguu, linganisha pande mbili za kifua, mwambie daktari asikilize moyo. Uliza pia ukoo. Kidole cha ziada kando ya kile cha mwisho kimezoeleka sana kwa watu wenye asili ya Afrika, hurithiwa, na mara nyingi hakiji na tatizo jingine lolote. Cha upande wa gumba huchunguzwa zaidi.

Akina mama huniuliza walikula nini. Hakuna ulichokula, mama. Mkono wa kijusi huanza kama kasia. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 nyama iliyo katikati ya vidole hufa yenyewe, navyo vikaachana. Pasipokufa, vinabaki vimeshikana, hasa cha kati na cha pete.

Upasuaji wa kuvitenganisha kwa kawaida hungoja mtoto afike mwaka mmoja au mmoja na nusu. Usingoje hivyo kama kidole gumba kimeungana na cha shahada, au cha pete na cha mwisho: vina urefu tofauti, na kirefu hupinda kwa kuvutwa na kifupi. Hao huonwa mapema, wengine hupasuliwa wakiwa na miezi 6 hivi. Usishtuke ukiona mkato wa zigizaga, kwa sababu kovu lililonyooka hujikunja na kuvuta kidole. Mara nyingi huongezwa ngozi kutoka kinenani. Na vidole vitatu vikiungana, haviachanishwi vyote siku moja, kidole cha katikati kisije kikakosa damu.

Nyumbani, bandeji ikae kavu na mkono uwe juu ya usawa wa moyo. Tazama ncha za vidole kila unapomnyonyesha: zikiwa baridi, za buluu au zimevimba sana, rudi hospitalini usiku huohuo. Harufu mbaya na homa pia hazisubiri asubuhi. Jeraha likipona, kanda kovu kama utakavyoonyeshwa, na usiache kliniki, kwa kuwa utando wa ngozi kati ya vidole unaweza kupanda tena mtoto anapokua.

Miguuni mimi ni mvivu wa kisu. Kidole changu cha pili na cha tatu vimeungana hadi katikati, na natembea zamu nzima bila shida. Kidole cha sita cha mguu ndicho hutolewa, kikibanwa na kiatu, wengi wakiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Kabla ya hapo mtafutie kiatu kipana mbele, na umpime akiwa amesimama.