Makaratasi ya Mwanafunzi Mpya wa Sheria: Hatua za Kufuata Kabla ya Mhadhara wa Kwanza

Mwanafunzi wa sheria hufunguliwa faili siku anayojisajili chuoni, na faili hilo halifungwi siku ya mahafali. Miaka kadhaa baadaye litasomwa upya na watu wenye dhamana ya kuamua kama anafaa kuapishwa kuwa wakili, nao husoma kwa makini kuliko karani wa udahili. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia ndugu yangu kujisajili, kazi iliyokwama hadi wiki ya usajili ikapita kwa sababu ya herufi moja katika jina lake.

Hatua ya 1: Soma barua ya udahili ukiwa na kalamu

Andika kwenye karatasi moja kila tarehe na kila sharti lililotajwa. Kama udahili wako ni wa masharti, sharti hilo ndilo linaloanza kushughulikiwa, hata kabla ya kutafuta chumba.

Hatua ya 2: Linganisha majina katika vyeti vyote

Hapa ndipo wengi hupoteza muda, kwa hiyo usiharakishe. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho na pasipoti, kisha nakili jina kutoka kila kimoja, herufi kwa herufi, moja chini ya jingine. Usiandike unavyolijua jina lako, andika linavyoonekana. Tofauti zitakazojitokeza huwa za aina tatu: tahajia, kama vile Said na Saidi au Mohamed na Muhammad; mpangilio, ambapo jina la babu limehamia mahali pa jina la baba; na jina lililoachwa au kuongezwa, hasa baada ya ndoa.

Kila aina ina dawa yake, na kuzichanganya ndiko kunakozalisha safari zisizo na mwisho. Kosa likiwa la mamlaka iliyotoa cheti, rudi kwa mamlaka hiyo ikirekebishe. Ndiyo njia ninayoipendelea hata kama ni ya polepole, kwa sababu cheti kilichosahihishwa hakidai maelezo tena. Kama majina yote ni yako na umeyatumia kwa nyakati tofauti, unahitaji hati ya kiapo inayoeleza kwamba wenye majina hayo ni mtu mmoja. Hati hiyo haibadilishi jina. Anayetaka kuacha jina la zamani na kutambuliwa rasmi kwa jipya anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na kiapo cha kawaida hakiwezi kuchukua nafasi yake.

Hati ya kiapo ina mitego yake. Itaje kila tahajia kama ilivyo, pamoja na cheti ambamo inaonekana. Ukisema tu kwamba majina yako "yanatofautiana kidogo", ofisi itakurudisha. Usitie sahihi nyumbani, kwa kuwa kiapo hutolewa na kutiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Kabla hujaondoka ofisini kwake, tazama sehemu ya mwisho: sheria za Tanzania na za Kenya zinamtaka kamishna aandike kwa usahihi mahali na tarehe ambapo kiapo kilitolewa, na pengo katika sehemu hiyo linatosha kuifanya hati ipingwe. Omba nakala halisi zaidi ya moja, zote zikiwa na muhuri na sahihi ya wino, kwa sababu chuo kitabaki na moja na mfadhili ataomba nyingine.

Baada ya hapo chagua umbo moja la jina na ulitumie katika fomu ya usajili, akaunti ya benki na maombi ya mkopo. Malipo ya mkopo yanaweza kurudishwa kwa sababu tu jina lako lililoko benki halilingani na lililoko chuoni.

Hatua ya 3: Skani na uthibitishe nakala

Tumia skana ya mezani. Picha ya simu huleta kivuli na pembe zilizopinda, na muhuri uliofifia hausomeki. Vyeti halisi usivitie laminesheni kamwe, kwa kuwa muhuri wa mkandamizo hauwezi tena kukaguliwa kwa kidole.

Hatua ya 4: Jibu kikamilifu maswali ya mwenendo

Fomu nyingi za vyuo vya sheria huuliza kuhusu makosa ya jinai na adhabu za nidhamu shuleni. Lisome swali neno kwa neno: kuulizwa kama umewahi kushtakiwa si sawa na kuulizwa kama umewahi kutiwa hatiani. Nchini Marekani, bodi za majimbo zinazosajili mawakili hulinganisha majibu uliyotoa ukiomba chuo na yale unayotoa ukiomba leseni, na mara nyingi kuficha jambo dogo humgharimu mwombaji kuliko jambo lenyewe. Ukikumbuka kitu baada ya kuwasilisha fomu, mwandikie mkuu wa kitivo sasa, ukiambatisha maelezo na nyaraka, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hifadhi pia nakala ya fomu yenyewe kama ulivyoiwasilisha, kwa sababu miaka minne baadaye hutakumbuka ulichoandika.

Hatua ya 5: Lipa ada na utunze stakabadhi

Hakikisha malipo yameonekana katika akaunti yako ya mwanafunzi.

Hatua ya 6: Sajili kozi kwa kuangalia mbele

Usitazame matakwa ya kitivo peke yake. Tafuta orodha ya masomo ambayo mamlaka ya mawakili inayataka, uyapange kabla ya kugusa kozi za hiari. Australia, kwa mfano, ina maeneo 11 ya lazima yanayoitwa Priestley 11. Tanzania na Kenya shahada ya kwanza hufuatiwa na mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, na huko ndiko somo lililorukwa linapoweza kukuzuia mlangoni.

Hatua ya 7: Fungua baruapepe ya chuo na akaunti za maktaba

Washa baruapepe ya chuo siku ileile, maana tangazo la kubadilishiwa ratiba halitatumwa kwingine. Chuo kitakupa nywila za hifadhidata za sheria na hukumu za kulipia kama Westlaw na Lexis, lakini mimi humshauri kila mwanafunzi aanze na zile za bure: TanzLII, Kenya Law, na BAILII kwa hukumu za Uingereza. Nywila za chuo kwa kawaida hukatwa ukihitimu, wakati ambao bado utahitaji hukumu kila siku. Omba mkutubi akuoneshe jinsi ya kutafuta kesi kwa rejea yake, yaani mwaka na namba inayoitambulisha, badala ya majina ya wadaawa, kisha fanya zoezi hilo mwenyewe kwa kesi moja kutoka muhtasari wa kozi yako ya kwanza.