Kupima omeprazole kwa stendadi yenye isotopu: shughulika na asidi kwanza

Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, yenyewe haipatani na asidi kabisa, na hapo ndo kazi nyingi zinapoharibikia, mtu anahangaika na mashine (LC-MS/MS, inayotenganisha kemikali kwenye kolamu kisha kuzipima kwa uzito) kumbe dawa imeshaoza kwenye kichupa. Stendadi ya d3, yani nakala ya dawa unayoongeza kwenye sampuli ili ulinganishe nayo, nayo inaoza hivohivo, maana ni molekyuli ileile, haidrojeni tatu tu zimebadilishwa na dyuteriamu (haidrojeni nzito). Kwahiyo stoki tengenezea kwenye methanoli yenye amonia kidogo sana, gawa kwenye vichupa vidogo vya kahawia, tia friza. Ikigeuka zambarau mwaga, usijitetee.

Kwenye plazma (majimaji ya damu) stendadi inaingia KWANZA kabla hujagusa kingine, kiasi kilekile kila sampuli. Kazi yake ni kupotea pamoja na dawa, yani dawa ikipungua 20% wakati unasafisha sampuli na yenyewe inapungua 20%, uwiano unabaki palepale. Ukiiweka mwishoni itarekebisha ya mashine tu, yaliyotokea nyuma hayaoni. Protini ziangushe kwa asetonitraili, sio TCA wala asidi nyingine yoyote, na maji ya kolamu yawe na amonia baikaboneti, asidi ya fomiki achana nayo.

Sasa namba. Dawa ya kawaida unaifuata 346 kwenda 198, yani uzito wa molekyuli nzima yenye chaji, kisha wa kipande chake mashine ikiivunja. Ya d3 inaanzia 349, ila kipande kinachobaki kinategemea dyuteriamu zimekaa kwenye methoksi (kikundi cha OCH3) ipi kati ya mbili za molekyuli: ya upande wa piridini utasoma 201, ya upande wa benzimidazoli inabaki 198. Soma cheti cha ulichonunua, usikopi tu namba za mwenzako.

Alafu pima uvujaji, yani ishara ya kimoja kuonekana kwenye chaneli (namba za kufuatia) ya kingine. Plazma tupu na stendadi peke yake, kwenye chaneli ya dawa kisionekane zaidi ya 20% ya kilele cha kiwango chako cha chini kabisa, ndo ICH M10 (mwongozo wa kimataifa wa kuthibitisha njia za kupima dawa) inavotaka. Geuza sasa, dawa kiwango cha juu bila stendadi, chaneli ya stendadi isipite 5% ya kilele cha kawaida cha stendadi. Hii ya pili wengi wanairuka, wakati salfa-34 na kaboni-13 (atomu nzito zilizomo kwenye dawa kiasili) zinasogeza uzito wa dawa juu, na pengo lenyewe ni 3 tu.

D3 inaweza kutoka kwenye kolamu mapema kidogo kuliko dawa, vilele vikilaliana poa, vikiachana sana tafuta stendadi ya kaboni-13. Na kama unataka esomeprazole (umbo moja kati ya mawili ya omeprazole yaliyo kama mkono wa kulia na wa kushoto) peke yake isotopu haikusaidii, uzito ni uleule, hapo ni kolamu ya kairali, inayotenganisha maumbo hayo.