Jinsi ya Kuchagua Runinga ya Kutazamia Filamu Nyumbani

Runinga nyingi huchaguliwa mahali pasipofaa kabisa kwa kazi hiyo, yaani dukani, chini ya taa nyeupe kali, mbele ya ukuta uliopangwa runinga kumi na mbili zinazoonyesha maua yaleyale na samaki walewale wa rangi. Katika hali hiyo jicho huvutwa na runinga inayong'aa kuliko jirani zake, na ndiyo inayobebwa kupelekwa nyumbani. Filamu haitazamwi hivyo. Hutazamwa usiku, taa zikiwa zimepunguzwa au zimezimwa, na sehemu kubwa ya masimulizi yake hukaa kivulini: uso ulioangaziwa upande mmoja tu, mtu aliyesimama mlangoni bila kutambulika, barabara yenye taa moja. Kwa sababu hiyo ninaanza na weusi, kabla ya ukubwa na kabla ya bei, kwa kuwa runinga isiyoweza kuonyesha giza itakuharibia filamu hata ikiwa na kila sifa iliyochapishwa kwenye boksi.

Weusi hutokana na nini

Runinga zinazouzwa leo ni za aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni LCD, ambayo matangazo huiita LED. Kioo chake hakitoi mwanga. Mwanga hutoka kwenye taa ndogo za LED zilizo nyuma au pembeni mwa kioo, na mbele ya taa hizo kuna tabaka la fuwele linalofungua na kufunga njia ya mwanga katika kila nukta ya picha, mfano wa pazia lenye mamilioni ya vipande. Tatizo ni kwamba pazia hilo halifungi kikamilifu. Mwanga kidogo huvuja, na pale ambapo mpiga picha alikusudia usiku wa manane wewe huona kijivu.

Aina ya pili ni OLED, ambayo kila nukta yake huwaka yenyewe na kuzimika yenyewe. Inapotakiwa kuwa nyeusi haitoi mwanga wowote, hata kama nukta iliyo kando yake inawaka kwa nguvu zote. Kwa anayenunua runinga kwa ajili ya filamu na kuitazama zaidi usiku, hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita ikiwa mfuko unaruhusu. Angalizo moja: QLED siyo OLED. QLED ni LCD ileile iliyoongezewa chembechembe ndogo mno zinazosafisha rangi, jambo zuri kwa rangi lakini lisilougusa weusi, na wanunuzi wengi wameponzwa na mfanano wa herufi.

OLED nayo ina udhaifu wake. Picha ikiwa nyeupe kioo kizima, haing'ai kama LCD iliyo bora, kwa hiyo sebule yenye madirisha makubwa na jua la mchana huishinda. Vilevile, nembo isiyosogea ikikaa pembeni mwa kioo saa nyingi kila siku kwa muda mrefu, inaweza kuacha alama isiyofutika. Filamu peke yake hazileti tatizo hilo kwa urahisi, kwa sababu picha zake hazitulii. Lakini ikiwa runinga hiyohiyo itawashwa kwenye taarifa za habari tangu asubuhi hadi jioni, ni busara kurudi kwenye LCD.

Ukirudi kwenye LCD, usiulize kama ni nzuri. Uliza taa zake zimekaa wapi. Zile zenye taa pembeni tu ndizo dhaifu zaidi kwa filamu. Zilizo bora zina taa nyuma ya kioo kizima, zimegawanywa katika maeneo yanayoweza kufifishwa moja moja, ili upande wenye mwezi ubaki unawaka na upande wenye msitu uzimwe. Kadiri maeneo hayo yanavyokuwa mengi ndivyo weusi unavyokaribia ule wa OLED, na runinga za mini-LED, ambazo taa zake ni ndogo sana, huwa na mamia au hata maelfu ya maeneo. Maeneo yakiwa machache, kila kitu cheupe kilicho juu ya weusi huzungukwa na ukungu wa mwanga.

Ukungu huo ninaujua vizuri. Niliwahi kuishi miaka kadhaa na runinga ya namna hiyo, na kila maandishi ya tafsiri yalipotokea chini ya picha, ukanda mweusi uliokuwa nyuma yake uligeuka kijivu. Mhusika alipomaliza kusema, maandishi yakatoweka na ukanda ukarudi kuwa mweusi. Yakaja, yakaenda, mazungumzo mazima. Ilifika mahali nikawa ninautazama ukanda badala ya filamu.

Habari njema ni kwamba kasoro hii inaweza kunaswa dukani kwa dakika mbili. Beba flashi yenye picha moja nyeusi tupu iliyoandikwa maneno machache meupe katikati, pamoja na kipande kifupi cha video uliyoirekodi mwenyewe usiku. Omba taa zilizo karibu zizimwe, au walau kinga kioo kwa mikono yako na uchungulie. Kisha sogea upande, hatua mbili au tatu, ukitazama picha ileile. Katika LCD, vioo vya aina ya VA huwa na weusi mzito kiasi lakini rangi zake hupauka mtazamaji akikaa pembeni, ilhali vioo vya IPS huhifadhi rangi kwa aliye pembeni lakini weusi wake ni hafifu zaidi. Familia inayojipanga kwenye viti vya kuzunguka chumba itaona tofauti hiyo kila siku. Mtu anayetazama peke yake kutoka kiti cha katikati hataijua kamwe.

Ukubwa upimwe kutoka kwenye kiti

Inchi za runinga hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na inchi moja ni sentimita 2.54. Chukua futi ya kupimia na upime umbali kutoka pale kichwa chako kinapokuwa ukiwa umekaa hadi pale kioo kitakapokuwa, usipime kutoka ukuta hadi ukuta. Wanaopanga kumbi za filamu za nyumbani hupenda picha ichukue kati ya nyuzi 30 na 40 za uwanja wa macho. Kwa hesabu rahisi, zidisha mshazari wa kioo kwa 1.6 upate umbali wa mbali zaidi unaofaa, na kwa 1.2 upate ule wa karibu. Inchi 55, ambazo ni takribani sentimita 140, zinafaa kwa mtu anayekaa kati ya mita 1.7 na 2.2. Inchi 65 zinafaa kati ya mita 2 na 2.6, na inchi 75 kati ya mita 2.3 na 3. Wengi wakipiga hesabu hii hugundua kwamba walikuwa wanaelekea kununua runinga ndogo kuliko chumba kinavyohitaji.

Kuna sababu nyingine ya kutoogopa ukubwa. Kioo cha runinga kina uwiano wa 16 kwa 9, lakini filamu nyingi hupigwa kwa upana zaidi, karibu 2.39 kwa 1, kwa hiyo picha hushika kama robo tatu tu ya kimo cha kioo na kinachobaki huwa kanda mbili nyeusi, juu na chini. Runinga haijaharibika, na wala usibonyeze rimoti kuvuta picha ijaze kioo, kwani utawakata watu pembeni.

Kuhusu wingi wa nukta, 4K, yaani nukta 3840 kwa 2160, inatosha na inapatikana karibu katika kila runinga kubwa. 8K iache. Filamu za kutazamia humo karibu hazipo, na kutoka kwenye kiti chako jicho halitatofautisha.

Kabla ya kulipa, pima pia miguu. Mimi nilinunua runinga yenye mguu kila mwisho wa kioo, nikafika nyumbani na kukuta meza ni fupi kuliko nafasi kati ya miguu hiyo kwa upana wa kiganja. Ililala ukutani siku nne ikisubiri fundi seremala, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ukiitundika, usiitundike juu kama picha ya ukumbusho: macho ya mtu aliyekaa yaelekee katikati ya kioo au chini kidogo yake, la sivyo shingo italalamika kabla filamu haijafika nusu.

Mwendo wa picha

Filamu kwa kawaida hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Runinga ya Hz 60 huchora kioo mara 60 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 24 bila baki, kwa hiyo hulazimika kuonyesha picha moja mara mbili, inayofuata mara tatu, kisha mbili, kisha tatu. Kamera inapopita taratibu juu ya mandhari utaona mwendo unashtukashtuka. Runinga ya Hz 120 huonyesha kila picha mara tano kamili na mwendo hutulia. Ulizia Hz za kioo chenyewe, kwa sababu kwenye maboksi huandikwa namba kubwa zenye majina ya kubuni ambazo hazihusiani na kioo.

Jambo tofauti na hilo, ingawa watu hulichanganya, ni ule ulainishaji wa mwendo unaowashwa kiwandani. Runinga hubuni picha zisizokuwapo na kuzipachika kati ya picha halisi, na filamu iliyogharimu mamilioni huanza kufanana na tamthilia iliyorekodiwa studio kwa haraka. Kwa mpira unaweza kuuacha. Kwa filamu, uzime siku ya kwanza. Baadhi ya runinga zina hali iitwayo Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019 na UHD Alliance, muungano wa kampuni za runinga na filamu, ambayo huuzima pamoja na marekebisho mengine yasiyotakiwa kwa mbonyezo mmoja; nikiwa na runinga mbili zinazolingana, nitachukua yenye hali hiyo.

HDR ya kweli na ya kwenye karatasi

HDR hupanua umbali kati ya giza na mwanga katika picha, ili mwali wa mshumaa uwake kweli huku chumba kikibaki gizani. Pia hutumia angalau ngazi 1,024 kwa kila rangi ya msingi badala ya 256, hivyo anga la machweo halikatikikatiki kuwa michirizi. Lakini runinga kupokea HDR ni jambo moja, na kuionyesha ni jambo jingine. Filamu za HDR mara nyingi hutayarishwa kwa mwangaza unaofikia niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), na runinga ya bei nafuu isiyofika hata niti 400, tena isiyo na maeneo ya kufifisha, huibana picha hiyo hadi inakuwa na giza na kupooza kuliko picha ya kawaida. Katika runinga ya namna hiyo neno HDR usilihesabu kama sifa. HDR10, ambayo ndiyo HDR ya msingi, imo katika runinga zote zinazopokea HDR. Dolby Vision na HDR10+ huongeza maelekezo ya mwangaza kwa kila tukio, na inayokufaa ni ile inayotumiwa na huduma unayolipia.

Sauti na miunganisho

Runinga nyembamba haina mahali pa kuweka spika ya maana, na spika zake nyingi hutazama sakafuni. Ukiona unapandisha sauti ili usikie mazungumzo, kisha unaishusha kwa hofu mlipuko unapokuja, kasoro haiko masikioni mwako. Tenga sehemu ya bajeti kwa saundibaa, yaani spika ndefu inayokaa chini ya runinga, yenye spika ya katikati, kwani ndiyo inayobeba maneno ya wahusika, na hakikisha runinga ina tundu la HDMI lenye eARC, yaani njia ya kurudisha sauti kutoka kwenye runinga hadi kwenye saundibaa, ili ipite bila kupunguzwa ubora.

Programu za ndani ya runinga zisikuchukulie muda mwingi, kwa kuwa mfumo ukichoka baada ya miaka michache kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kitachukua nafasi yake. Muhimu ni kwamba programu unayoitumia iwe na kibali rasmi katika runinga hiyo. Pasipo kibali, filamu huweza kushushwa hadi ubora wa chini hata kioo kikiwa cha 4K. Pima pia kasi ya intaneti pale runinga itakapokaa. Netflix, kwa mfano, hupendekeza megabiti 15 kwa sekunde au zaidi kwa filamu za 4K.

Siku ya kwanza nyumbani

Runinga ikiwashwa mara ya kwanza itakuuliza iko dukani au nyumbani, jibu nyumbani. Chagua hali ya filamu, weka rangi kwenye upande wa joto, na punguza ukali wa kingo hadi karibu na mwisho, kwani ule mstari mweupe unaozunguka nywele za waigizaji haukupigwa na kamera. Siku mbili za mwanzo weupe utaonekana kama umeingia manjano. Vumilia, jicho litazoea, na ukirudi kwenye hali ya duka utashangaa jinsi nyuso zilivyokuwa na rangi ya buluu.

Kisha onyesha picha ya kijivu kioo kizima, utafute michirizi, mabaka na nukta zilizokufa, na rudia kwa picha nyeusi taa zikiwa zimezimwa. Fanya hivyo mapema, muda wa kurudisha bidhaa ukiwa bado haujapita, na boksi pamoja na povu gumu la kukingia lililomo usivitupe hadi muda huo umalizike, maana runinga kubwa haisafirishwi salama bila hivyo.