QPSK31 kutoka darini Lamu: awamu nne, kasi ileile

Somo ni kwa aliye na leseni ya redio ya ridhaa, redio ya SSB (ya sauti ya upande mmoja wa mawimbi) na laptopu yenye fldigi, programu ya kutuma na kusoma maandishi kwa redio.

PSK31, njia ya kutuma maandishi kwa redio aliyoibuni Peter Martinez, hugeuza awamu (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) ya toni moja mara 31.25 kwa sekunde. Aina yake ya BPSK ina migeuko miwili tu, digrii 0 na 180. QPSK ina minne, 0, 90, 180 na 270: kila biti hupitia msimbo unaotoa biti mbili, nazo huchagua mgeuko mmoja. Unapata kinga ya makosa bila kupunguza kasi wala kutanua mawimbi.

1. Antena. Kwa 14.070 MHz, kata nyaya mbili za shaba, mita 5.2 kila moja. Punguza sentimita 2 kwa zamu mpaka SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) ishuke chini ya 1.5. Tia risasi maungio na uyafunge utepe wa mpira, la sivyo chumvi ya bahari itayala.

2. Sauti ya laptopu ipite kwenye transfoma ya 1:1 kabla ya kuingia redioni. Ukiunga moja kwa moja, mvumo wa umeme huingia.

3. Nguvu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pandisha sauti mpaka sindano ya ALC (kidhibiti nguvu cha redio) itikisike, kisha irudishe mpaka itulie kabisa. Zima kompresa. Redio ya wati 100 ibaki kwenye 25 au 30. Mawimbi hunywea kila awamu inapogeuka; amplifaya ikiyabana, umbo linakatika na unawamwagikia majirani wa masafa.

4. Andika kwa herufi ndogo: "a" ni biti 4, "A" ni 7. Jedwali la biti za kila herufi lilipangwa kwa Kiingereza, ndiyo maana "e" ina 2 tu. "A" zetu nyingi zinatugharimu.

Maswali

*Mwalimu, alama naiona safi lakini maandishi ni takataka.*
Mmoja wenu yuko LSB (upande wa chini), mwingine USB (wa juu). 90 na 270 zimebadilishana. BPSK haijali, QPSK inajali. Bonyeza Rv, kitufe cha fldigi cha kugeuza upande. Ikibaki vilevile, sogeza toni: ukikosea hezi chache tu, inapotea.

*Mbona herufi zinachelewa?*
Kisimbuaji cha Viterbi, kinachofungua ule msimbo wa kinga, husubiri migeuko 20 hivi kabla ya kuamua. Ni sekunde 0.64.

*Kaka, mchana kelele zimejaa skrini nzima.*
Zima inveta ya sola, tumia betri peke yake. Zikikatika, umempata mwizi: weka ferati (pete ya kuzuia kelele) kwenye nyaya zake, ya kuingia na ya kutoka.