Chupa yenye tundu na mwanga unaopanda: hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe

Nafundisha fizikia hapa Mombasa, na somo hili, la jinsi mvutano wa dunia unavyobadilisha mwanga unaopanda, naliingilia kwa chupa ya maji.

1. Dondosha chupa. Itoboe kwa msumari karibu na kitako, ijaze, uiache wazi juu. Ukiwa roshani ya ghorofa ya pili, na chini hapana mtu, ondoa kidole: maji yanachirizika. Sasa iachie. Ikiwa hewani, maji yanakatika! Chupa na maji vinaanguka sawia, hakuna uzito wa kuyasukuma nje. Mwenzako arekodi kwa simu.

2. Geuza wazo. Mwaka 1907, Einstein alipokuwa ofisi ya hataza mjini Bern, alitambua kwamba anayeanguka hahisi uzito wake. Basi chumba kilichofungwa, mbali na sayari zote, kikivutwa juu huku kasi ikizidi mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde (ongezeko hili tuliite g), aliye ndani atadhani amesimama Kongowea, mtaa wa hapa Mombasa. Chumba kiwe kidogo tu, maana mvutano hubadilika ukienda mbali.

3. Washa taa sakafuni. Hapa ndipo wengi hukwama, wakifikiri mwanga huchoka. La. Mwanga unapopanda kimo h, hutumia muda h/c (c ni kasi ya mwanga), na muda huo dari imeshaongeza kasi gh/c. Fikiria ngalawa inayokwenda upande yanakoelekea mawimbi: hupigwa na mawimbi machache kuliko iliyotia nanga. Dari nayo hupokea mitetemo michache, yaani mwanga umesogea kuelekea wekundu. Gawanya kasi ile kwa c, upate gh/c², yaani sehemu ya mitetemo iliyopungua. Na kwa kuwa chumba hakitofautiki na Kongowea, Kongowea pia ni hivyo hivyo.

4. Tia namba. Kwa mita 10: 9.8 × 10 ÷ (9 × 10¹⁶), takriban 1.1 × 10⁻¹⁵. Ni kidogo mno, lakini wanafizikia Pound na Rebka walilipima badiliko la aina hii Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1960, kwa miali ya gama (mwanga usioonekana, wenye nguvu nyingi) ya chuma-57 katika mnara wa mita 22.5. Mimi hustaajabu kila ninapolisimulia.

5. Usiipeleke hesabu hii mbali. Mitetemo ya mwanga ni kama mapigo ya saa: ya chini ikifika juu michache, basi saa ya juu hutangulia ya chini. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu. Ukitumia gh/c² utapata saa zake zinatangulia mikrosekunde 190 kwa siku. Jibu sahihi la mvutano ni 45, kwa sababu g hupungua kadiri unavyopanda. Huko tumia GM/r (G ni namba ya mvutano ya Newton, M tungamo la dunia, r umbali kutoka kitovu chake): toa thamani ya juu kwenye ya chini, kisha gawanya kwa c².