Somo: Mjue buibui wa nyumbani kwako kabla ya kumpiga kandambili

Habari zenu ndugu. Kila mvua zikianza picha za buibui huwa nyingi, na swali ni lile lile: huyu ana sumu? Naomba leo tulimalize kwa mpangilio.

Jibu fupi: karibu buibui wote wana sumu, maana ndiyo silaha yao ya kuua wadudu. Lakini wengi hawana meno ya kupenya ngozi yetu, au sumu yao haitufanyi kitu. Katika nyumba zetu za Afrika Mashariki kuna mmoja ambaye nataka kila mtu amjue kwa sura, buibui mjane, na huyo wala hakai kitandani.

Hatua ya 1: Angalia yuko wapi

Usiue kwanza. Washa tochi ya simu, piga picha, kisha tazama amekaa mahali gani. Hapo nusu ya kazi imekwisha.

Yuko ukutani usiku, hana utando, mkubwa, bapa, miguu imetanda hadi sentimita 10? Huyo ni mwindaji wa mende. Ubapa ule ndio unaomwezesha kujificha nyuma ya kabati mchana. Ukimwona amekumbatia kitu cheupe bapa kama kifungo kikubwa chini ya kifua, ni jike na mayai yake. Akibanwa anaweza kung'ata, na maumivu yake hupita. Kwangu yupo mmoja jikoni na simgusi.

Mdogo, ana manyoya, anaruka dirishani na kugeuka kukutazama kwa macho mawili makubwa ya mbele? Hana madhara. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, ipo aina ya hawa warukaji inayopendelea mbu aliyekwisha kunyonya damu kuliko mbu mwenye njaa. Mimi nilipolijua hilo niliacha kabisa kuwaua.

Wa kona ya dari mwenye miguu kama nyuzi, anayetikisika ukimgusa, mpitishie ufagio tu.

Hatua ya 2: Pindua kiti

Hapa naomba umakini. Mjane wa kahawia hupenda sehemu zisizoguswa: chini ya viti vya plastiki vya barazani, ukingo wa ndoo, nyuma ya mitungi ya maua, choo cha nje, kona ya geti. Tandabui lake halina umbo maalumu, nyuzi zimepitana ovyo, lakini ni ngumu. Ukizikata kwa kijiti utasikia zinavyokatika.

Mwenyewe ana tumbo la mviringo kama punje ya njegere, rangi ya kahawia yenye madoa, na miguu yenye mistari ya giza na mwanga. Chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu, kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Huhitaji kumpindua ili kuiona, kwa sababu mwenyewe huning'inia kichwa chini. Alama nzuri kuliko zote ni mayai. Mwaka jana nilipindua kiti anachokalia mwanangu nikakuta vijipira vitatu vya rangi ya maziwa, kila kimoja kama sentimita moja, vimejaa vichomo kama mbigili. Ukiona mbigili ndani ya utando, huyo ndiye.

Yupo na ndugu yake mweusi mwenye alama nyekundu, wa mashambani na kwenye marundo ya mawe na kuni. Sumu yake ni kali zaidi.

Hatua ya 3: Mtoe

Wa ndani mfunike kwa glasi, pitisha kadi ngumu chini yake, mpeleke nje. Mjane usimshike. Mponde kwa kijiti au kiatu, na vile vijipira pia, maana kimoja hubeba mayai zaidi ya mia. Vaa glovu ukihamisha matofali, na kung'uta viatu vilivyolala nje.

Hatua ya 4: Ukiumwa

Osha kwa sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, meza panadol. Usichanje, usifunge kamba, usinyonye. Nenda hospitali mara moja maumivu yakipanda tumboni au mgongoni, jasho likitoka, au misuli ikikaza. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wasisubiri dalili hizo. Chukua picha ya buibui.

Kuhusu "mkojo wa buibui"

Hili ndilo lililonifanya niandike. Mtu akiamka na malengelenge yanayowaka, tunasema amekojolewa na buibui. Ndugu zangu, uchafu anaotoa buibui hauunguzi ngozi ya mtu.

Shangazi yangu alitokwa na malengelenge upande mmoja wa paji la uso. Duka la dawa likasema buibui, likampa mafuta ya kupaka. Majirani wakaongeza majivu. Siku ya sita jicho likawa jekundu, ndipo tukampeleka hospitali. Ulikuwa mkanda wa jeshi, unaoletwa na kirusi kile kile cha tetekuwanga kikiamka tena mwilini. Dawa zake hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku 3, nasi siku hizo tulikuwa tumezipoteza zote. Mpaka leo jicho lile linaona ukungu. Kwa hiyo malengelenge ya upande mmoja wa mwili, hasa karibu na jicho, yapeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Maswali yenu

*Mimi nina mchirizi mwekundu shingoni, umeanza jana kama nimemwagiwa maji ya moto. Niko Nairobi, taa ya kitanda huwa naiacha inawaka.*

Pole sana. Huenda ni Nairobi fly, mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa. Haumi. Ukimponda juu ya ngozi anatoa maji yanayounguza, na kidonda hutokea kesho yake. Akitua mpulize aondoke. Osha kwa sabuni, usishike macho, na zima hiyo taa.

*Bustanini kuna shimo lenye utando mdomoni. Usiku ametoka buibui mnene wa rangi ya chungwa, mwenye manyoya, akainua miguu ya mbele. Tupo Tanga.*

Hiyo miguu ni onyo. Wafugaji wa Ulaya humwita kwa jina la milima yenu, Usambara. Meno yake huuma vibaya na misuli inaweza kukaza kwa siku kadhaa, ila hajulikani kuua mtu. Zungushia shimo mawe, waambie watoto wasichokonoe kwa vijiti.

*Bibi anakataza kuua buibui kwa ajili ya kisa cha pango la Thaur, pale buibui alipotanda utando mlangoni Mtume Muhammad akiwa amejificha ndani. Nifanyeje?*

Mheshimu bibi. Wale wa ndani hawana haja ya kuuawa, watoe kwa glasi. Kuhusu mjane, muoneshe bibi kile kiti na zile mbigili, mweleze nani hukikalia, kisha mzungumze.

*Nipulize dawa nyumba nzima?*

Mimi sikushauri. Buibui hufuata wadudu, na wadudu hufuata taa na mabaki ya chakula. Ziba nyufa, weka wavu dirishani, ondoa tandabui kwa ufagio kila wiki. Viti vya nje vipindue kila Jumamosi, kabla watoto hawajavikalia.